Nani Aliyetuma Udongo? Mwanasayansi Aliyepagawa katika Filamu ya Pumzi na Usomaji Wake kutoka Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Pumzi (2009), filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu. Wahakiki wengi wameisoma filamu hii kama onyo kuhusu mazingira au kama kielelezo cha mwamko mpya wa bunilizi za kisayansi barani Afrika. Makala yanachukua njia nyingine. Yanamchunguza mhusika mkuu, Asha, kama mwanasayansi aliyetawaliwa na wazo moja, kisha yanauliza swali ambalo filamu yenyewe haikulijibu: ni nani aliyemtumia udongo? Swali hilo linaelekezwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako maji, kibali, elimu ya mgeni na lugha ya Kiswahili ni mambo ya kila siku. Inadaiwa kwamba kupagawa kwa mwanasayansi huzaliwa pale njia kati ya mwenye kuona na mwenye kupima inapokatika, na kwamba sera ya lugha ni sehemu ya njia hiyo.

Maneno muhimu: Pumzi, bunilizi ya kisayansi, Nakivale, Mbarara, tafsiri ya filamu, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Pumzi ni filamu ya dakika zipatazo 20. Ilitengenezwa kwa bajeti ndogo, kwa msaada wa mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features, Goethe-Institut na mfuko wa sanaa wa Changamoto, na ikapigwa picha Afrika Kusini. Ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2010. Tangu hapo imeishi zaidi katika kumbi za matamasha na madarasa ya vyuo vikuu kuliko katika sebule na vibanda vya video vya Afrika Mashariki. Jina lake ni la Kiswahili, lakini msemaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza hawezi kuifuata. Hitilafu hiyo itarejewa baadaye, kwani haihusu usambazaji peke yake.

Hadithi yake inatokea miaka 35 baada ya vita vikuu vya tatu, Vita vya Maji. Waliosalia wanaishi ndani ya jengo lililofungwa liitwalo Maitu, neno la Kikuyu linalomaanisha mama, ambalo filamu inalichambua pia kuwa na maana ya ukweli wetu. Asha ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe ambao hawapo tena. Siku moja analetewa kisanduku chenye udongo. Mashine zake zinaonyesha kwamba udongo huo una unyevu mwingi na hauna mnururisho. Anapanda ndani yake mbegu kongwe ya mama, nayo inachipua. Anaomba kibali cha kutoka nje, Baraza linakataa, makumbusho yake yanavurugwa, naye anapelekwa kuzalisha umeme kwa nguvu za mwili. Anatoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuufunika kwa mwili wake. Mti unaota alipolala.

2.0 Mwanasayansi aliyepagawa: sura ya kale na sura ya Asha

Mwanasayansi aliyetawaliwa na wazo moja ni mhusika wa kale. Fasihi ya Ulaya ilimpa sura ya kudumu katika riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein (1818). Sinema ilimrithi mapema: Fritz Lang alimwonyesha kwa jina la Rotwang katika Metropolis (1927), na James Whale akamweka katika maabara ya umeme na radi katika Frankenstein (1931). Baada ya hapo alishuka daraja akawa mali ya filamu za bei nafuu, zile ambazo seti yake ni chumba kimoja, chupa chache na mlango wa chuma. Filamu hizo zilimpenda kwa sababu ya uchumi na ya sanaa pia: mtu mmoja mwenye wazo moja katika chumba kimoja hagharimu pesa nyingi.

Muundo wa hadithi hizo hautofautiani sana. Mwanasayansi anavuka mpaka uliowekwa na jamii, wenzake wanamwonya, hasikii, kazi yake inamgeukia, na kifo chake kinairudisha jamii katika utulivu. Wazimu umo ndani ya mtu; akili timamu imo ndani ya jamii. Hata mtazamaji anayemhurumia anakubali kwamba asingepaswa kuachiwa.

Kahiu anaupindua muundo huo bila kuuvunja. Vipengele vyote vipo: maabara ya upweke, chupa, kipimo kinacholeta jambo lisiloaminika, onyo la wakubwa, ukaidi na kifo. Kilichobadilika ni mahali pa wazimu. Asha hana wazo linalokiuka ushahidi. Yeye ndiye pekee anayeufuata ushahidi. Baraza ndilo linalokataa kuangalia kipimo. Ndoto, katika Maitu, ni hitilafu ya mwili: mashine ikigundua kwamba mtu anaota, inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Taasisi inayoogopa ndoto kuliko inavyoogopa kiu ndiyo iliyorukwa na akili.

Kiswahili kina neno linalomfaa Asha kuliko neno kichaa, nalo ni kupagawa. Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Kichaa ni maradhi ya mwenye kichaa. Aliyepagawa amepandwa na mwingine. Katika uganga wa pepo wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyepandwa huitwa kiti, na pepo aliyemkalia haangamizwi kwanza. Huulizwa jina lake, huulizwa atokako, na huulizwa anataka nini. Ni utaratibu wa mahojiano kabla ya kuwa utaratibu wa tiba. Baraza la Maitu halimhoji Asha kwa maana hiyo. Linataka kitu kilichompanda kinyamaze, halitaki kujua kinasema nini.

Ukisoma filamu kwa maswali hayo matatu, pengo lake linajitokeza. Kinachotakiwa kinajulikana: mbegu ipandwe. Kinakotoka kinajulikana pia, kwa kuwa kisanduku kimebeba vipimo vya mahali. Jina la mtumaji halipo. Mtu fulani, nje ya kuta, amechimba udongo, ameona kwamba una uhai, amerekodi mahali ulipo na kuupeleka kwa mtu mwenye vyombo vya kupima. Huyo ndiye mtafiti wa kwanza wa filamu hii. Hadithi inamtumia, kisha inamsahau.

3.0 Kwa nini Nakivale

Makazi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, takriban kilomita 60 kutoka Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wakimbizi wa kwanza walipotoka Rwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Yamezunguka ziwa ambalo, pamoja na Ziwa Mburo, ni sehemu ya ardhioevu iliyoorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kulinganisha makazi haya na Maitu kunahitaji tahadhari. Nakivale si jengo lililofungwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kwenda atakako nchini, pamoja na mipaka inayotajwa na sheria, na hivyo iliachana na sheria ya mwaka 1960 iliyowafunga wakimbizi makazini kwa vibali. Familia hupewa viwanja vya kuishi na kulima. Mhakiki atakayesema kwamba Nakivale ni Maitu atakuwa ameidhulumu Uganda na ameirahisisha filamu.

Hata hivyo, mambo ambayo kwa mtazamaji wa tamasha ni ubunifu, kwa mkazi wa Nakivale ni utaratibu. Katika filamu, Asha anajaza chupa kwa maji yaliyosafishwa kutoka katika mkojo na jasho lake, kisha anamgawia mfanyakazi wa usafi. Mtazamaji wa mbali huona hapo alama ya dunia iliyoharibika. Anayejua foleni ya madumu kwenye bomba, maji yakiwa yamevutwa ziwani na kutibiwa kabla ya kugawiwa, huona kitu kingine: anaona mtu anayetoa sehemu ya mgawo wake, na anajua thamani ya kitendo hicho kwa lita. Ndiyo maana msaada wa mfanyakazi huyo baadaye haumshangazi. Filamu imeweka deni, na deni limelipwa.

Vivyo hivyo kwa mti. Jamii kubwa inayopika kwa kuni na makaa katika eneo la mvua chache haiuchukui mti kama ishara. Mti ni kuni za kesho, kivuli cha leo, na mara nyingi chanzo cha mvutano kati ya mwenyeji na mgeni. Mkulima wa Nakivale akimtazama Asha akimwaga maji yake yote kwenye mche mmoja katikati ya mchanga, ana haki ya kuuliza swali la kilimo kabla ya swali la falsafa: nani ataumwagilia kesho?

Swali hilo linagusa udhaifu mkubwa wa filamu. Asha anakufa na matokeo yake. Hakuna aliyeandika alichokiona, hakuna wa kurudia jaribio, na ndani ya Maitu anabaki mfanyakazi mmoja wa usafi ambaye anajua tu kwamba Asha alitoka. Kamera inapopanda juu na jina la filamu kutokea, mtazamaji anapewa faraja ambayo wakazi wa Maitu hawakuipata. Filamu imeitukuza kafara mahali ambapo ingeweza kuonyesha njia ya maarifa kuwafikia wengine. Ni kosa linalosameheka katika sanaa. Katika sera halisameheki, kwa kuwa huwazoesha watu kungoja shujaa.

4.0 Barabara ya kwenda Mbarara

Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kwa lugha ya filamu, hapa ndipo penye mashine za Asha. Nakivale ndipo penye udongo. Kati ya pande hizi mbili upo umbali wa barabara, ambao si mkubwa, na umbali wa lugha na vyeti, ambao ni mkubwa zaidi.

Miongoni mwa wakazi wa Nakivale wapo waliokuwa walimu, wauguzi, mafundi na maofisa kilimo katika nchi zao. Wengi wao walisoma kwa Kifaransa. Vyeti vyao, kama havikupotea njiani, vinahitaji kufasiriwa na kulinganishwa na vya Uganda, kazi inayodai ada na subira. Wapo pia wasio na cheti chochote ambao wamelitazama ziwa kwa miaka mingi na wanajua ukingo wake ulikuwa wapi. Maarifa ya makundi yote mawili hufika Mbarara kama kisanduku cha Asha kilivyofika Maitu: kama sampuli, kama jibu katika hojaji, kama takwimu, bila jina la mtumaji. Mtafiti huenda makazini, huchukua, huondoka. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na aliyetoa udongo haoni kipimo chake.

Hapa ndipo usomaji huu unapoitofautisha Pumzi na hadithi zilizoitangulia. Kupagawa kwa Asha si tabia yake binafsi. Ni matokeo ya njia iliyokatika pande zote mbili. Hawezi kumjibu mtumaji kwa kuwa hamjui, na hawezi kuliridhisha Baraza kwa kuwa Baraza halisikii. Mtu aliyeshika ushahidi ambao hauna pa kwenda atauchukua kwa miguu yake mwenyewe, na wanaomtazama watasema amerukwa na akili. Kungekuwa na njia, Asha angekuwa mtumishi wa makumbusho aliyeandika barua mbili, akajibiwa, na kuambatana na wenzake kwenda kuchimba.

5.0 Ukimya na Kiswahili

Wahusika wa Pumzi hawafungui midomo kuzungumza. Mawasiliano yao hupitia mashine, kwa maandishi na sauti za kompyuta, na yote ni Kiingereza. Kiswahili kimebaki katika jina, Kikuyu katika lebo ya chupa ya mbegu. Lugha za Afrika zimehifadhiwa katika filamu hii jinsi makumbusho ya Asha yanavyohifadhi viumbe: zina jina na maelezo, hazina pumzi. Haijulikani kama Kahiu aliliona hilo kama kejeli. Iwe iwavyo, filamu inalisema.

Pumzi haiko peke yake katika mtihani huu. Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa picha Rwanda, ilichagua njia nyingine: Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza hupokezana ndani ya sentensi za wahusika wake. Filamu hiyo inasikika kama Nakivale inavyosikika. Huko, Mkongomani wa Kivu, Mrundi aliyewahi kuishi Tanzania na Msomali aliyepitia Kenya hukutana sokoni kwa Kiswahili, kila mmoja na chake, bila kamati iliyowaagiza. Ikumbukwe kwamba Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, baada ya Rwanda na Burundi mwaka 2007. Sehemu kubwa ya wakazi wa Nakivale ni raia wa nchi wanachama walioukimbia mwanachama mmoja na kupokewa na mwingine. Lugha ya Jumuiya inafanya kazi hapo kabla ya sera ya Jumuiya kufika.

Sera yenyewe imekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kumbukumbu ya Kiswahili cha askari ilikidhuru kwa muda mrefu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoamua. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Mjadala umehusu zaidi shule na ofisi. Maabara haijatajwa sana.

6.0 Mfasiri wa kibandani na tatizo la ukimya

Uganda ina njia yake ya kuifikisha filamu ngeni kwa mtazamaji. Mfasiri wa papo kwa papo, ajulikanaye kama VJ, huketi kibandani na maikrofoni, akafasiri, akaeleza, akatania, kwa kawaida kwa Kiganda. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyefanya kazi hiyo kwa Kiswahili na ambaye Matthias Krings amemchunguza katika kitabu chake cha mwaka 2015. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno, ilipata umaarufu duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake. Sauti ya nje ikawa sehemu ya filamu.

Je, Pumzi ifikishwe Nakivale kwa njia hiyo? Jibu si jepesi. Ukimya ndio hoja ya filamu. VJ asiyenyamaza ataiua hoja hiyo kwa kuisaidia. Lakini bila sauti, ukimya huo hautafsiriki kama ukimya. Kwa mtazamaji asiyesoma Kiingereza unakuwa kutoelewa tu, na kutoelewa hakufundishi kitu. Tofauti kati ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha tatizo: ukimya ni wa Asha, kutoelewa ni kwa mtazamaji, na filamu katika hali yake ya sasa inavichanganya.

Njia ya kati ipo. Mfasiri azungumze pale mashine zinapozungumza, kwa Kiswahili kikavu cha tangazo la ofisi, na anyamaze kabisa Asha anapotoka nje ya kuta. Jangwani hakuna maandishi ya kusomwa. Hapo mtazamaji wa Nakivale na wa tamasha wanakuwa sawa kwa mara ya kwanza, na pumzi ya Asha ndiyo inayobeba hadithi. Tafsiri ya namna hii si huduma ya hisani kwa mtazamaji maskini. Ni uhakiki, kwa sababu inaionyesha filamu muundo wake yenyewe.

7.0 Hitimisho

Pumzi ni filamu ndogo iliyobeba swali kubwa, na ukubwa wake unaonekana zaidi ikitazamwa kutoka mahali ambapo maji hupimwa kwa dumu. Imemwondolea mwanasayansi aliyepagawa lawama ya kale na kuihamishia kwa taasisi. Haikufika mwisho wa hoja yake, kwa kuwa ilimwacha mtumaji wa udongo bila jina na kumwacha Asha bila mrithi.

Kutokana na usomaji huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, watafiti wanaofanya kazi Nakivale waandike muhtasari wa matokeo yao kwa Kiswahili na kuurudisha kwa waliotoa taarifa, huku mchango wa mkazi aliyeona jambo kwanza ukitajwa kwa idhini yake. Pili, taasisi za ukuzaji wa Kiswahili zinapounda istilahi za maji, udongo na misitu ziwahusishe wasemaji wa Kiswahili cha Kongo na cha makazini, kwani istilahi isiyofahamika kwa mwenye jembe haitampa nafasi ya kusema. Tatu, filamu za Afrika Mashariki zenye majina ya Kiswahili zipewe tafsiri ya Kiswahili kabla ya kusifiwa kwa majina hayo.

Mganga wa pepo huanza kwa kuuliza jina. Kisanduku kinachofika Mbarara kutoka Nakivale kinastahili swali hilohilo, na kinastahili kuulizwa kwa lugha ambayo mtumaji anaweza kujibu.